Maswali ya Wasomaji: Tangu nianze kusoma jinsia, nyumbani hapakaliki

Barua za mwezi huu zimetoka Mbeya, Iringa na Njombe, nyingi zikiwa za wanafunzi waliokutana na ufeministi, yaani fikra za kudai usawa wa wanawake na wanaume, darasani kwa mara ya kwanza. Tumezifupisha na kuondoa majina.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni binti wa Rungwe, niko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Mbeya, nakaa kwa mama mdogo Uyole. Muhula huu tunasoma kozi ya jinsia na maendeleo. Zamani maisha ya kwetu niliyaona ya kawaida, ila sasa kila nikigeuka naona mfumo dume: mama anaamka kabla ya jogoo, baba anangoja chai, kaka anapakuliwa kwanza. Pasaka nilimwambia baba kwamba anamnyonya mama. Chakula kilibaki mezani, na aliyenikemea ni mama mwenyewe! Sasa mhadhiri anataka insha ya tafakuri ya maneno 1,500 kuhusu nilivyokutana na fikra za ufeministi. Hasira ninayo, maneno sina. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, binti. Mama yako hakukukemea kwa kuwa anapenda kunyonywa. Ulimtangaza mnyonge mbele ya mumewe na watoto wake, bila kumuuliza, kwa neno ambalo yeye hakulichagua. Anzia hapohapo. Ndani ya tukio hilo mna swali ambalo wafeministi wenyewe hawajamaliza kulibishania: nani anaruhusiwa kusema kwa niaba ya nani?

Neno "mfumo dume" nalo lilichangia. Darasani ni istilahi: mpangilio wa jamii unaowapa wanaume mamlaka juu ya mali, kazi na maamuzi, hata pale mwanamume mmojammoja anapokuwa mpole. Sebuleni ni neno lenye "dume" ndani yake, na dume tulilozoea ni la ng'ombe au la mbuzi. Baba hasikii habari za mfumo, anasikia katukanwa. Istilahi ibaki kwenye daftari. Nyumbani uliza vitu vinavyohesabika: saa, jina lililo kwenye karatasi, na neno la mwisho.

Saa kwanza. Tengeneza shajara ya muda. Gawa siku kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 4 usiku kwa vipande vya nusu saa. Utapata vipande 36. Kila kipande kiwe na safu nne: mtu, kazi kuu, kazi ya pembeni inayofanyika wakati huohuo, na kama imeleta hela, nani kaishika. Jaza siku tatu zisizofanana, yaani siku ya kawaida ya shamba, siku ya gulio na Jumapili. Jazia kila mtu wa nyumba ile, baba na kaka wakiwamo, na mtoto wa miaka 8 pia.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukimuuliza mama "leo umefanya kazi gani?" atakujibu "sijafanya kitu, nimeshinda nyumbani tu", kwa sababu kwake kazi ni ile ya jembe au ya mshahara. Muulize "ulipoamka ulianza na nini? Halafu?", ukienda naye saa kwa saa, na usimuulize mbele ya baba. Ukiandika kazi kuu peke yake utapoteza nusu ya habari: anapika, mjukuu yuko mgongoni, na jicho moja liko kwa kuku wanaonyemelea mahindi yaliyoanikwa. Ukijumlisha kazi kuu na za pembeni, saa zitazidi zile za siku. Hesabu yako haina kosa, ila ziripoti kila moja peke yake. Usipime wiki ya kuvuna viazi halafu ukaiita mwaka mzima. Na kuwepo kwako kunabadili kipimo: binti akirudi likizo, mama anapumzika kuosha vyombo, kwa hiyo saa zako nazo ziandikwe.

Usidhani ni mchezo wa wanafunzi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekuwa ikipima matumizi ya muda ndani ya utafiti wa nguvukazi tangu 2006. Kabla ya hapo, mwaka 1988, Marilyn Waring wa New Zealand alionyesha jinsi hesabu za pato la taifa zinavyoiruka kazi hii: ugali uliosongwa hotelini unahesabiwa, uliosongwa nyumbani hauhesabiwi; kulea kwa mshahara kumo, kulea mwanao hakumo.

Jina kwenye karatasi ni jepesi kulipima. Kama kwenu mna chai, nani anachuma, kadi ya mkulima ina jina la nani, na malipo yanaingia kwenye simu ya nani? Ndizi je? Ng'ombe wa maziwa? Neno la mwisho ni gumu zaidi. Usiulize "nani mkubwa humu ndani?", maana jibu unalijua na halikupi kitu. Uliza habari ya jambo lililokwisha kutokea: ndama alipouzwa, nani alianzisha maneno, nani alikataa, nani alipokea hela. Unaweza kukuta baba anatangaza Jumapili uamuzi ambao mama alianza kuupika tangu Alhamisi. Hilo nalo liandike, hata kama linakuharibia hoja.

Na nyumba ya Uyole usiiruke. Kama mama mdogo ana dada wa kazi, aliyetoka Makete au Kilolo au kwingineko, na yeye ajaziwe vipande vyake 36. Mama mdogo aliyesoma, anayetoka kazini saa 11 jioni na kukuta chakula tayari, amepata nafasi yake kwa saa za msichana mwingine. Hapo ndipo mahali pazuri pa kumtumia Kimberlé Crenshaw, mwanasheria wa Marekani aliyeipa jina dhana ya makutano ya ubaguzi mwaka 1989. Alichambua shauri la wanawake weusi dhidi ya General Motors. Kampuni ilikuwa imeajiri wanawake, ila weupe, maofisini. Ilikuwa imeajiri weusi, ila wanaume, kiwandani. Mahakama ikaona hapana ubaguzi wa jinsia, ikakataa kuyaunganisha madai ya jinsia na ya rangi, na mwanamke mweusi akabaki katikati bila pa kushika. Msichana wa kazi yuko kwenye njia panda kama hiyo: ni mwanamke, ni mdogo, ni maskini, yuko mbali na kwao. Kwa maoni yetu, ukurasa huo mmoja utakupa alama kuliko kurasa tano za kumlalamikia baba.

Sasa uandishi. Insha ya tafakuri hailingani na toba kanisani, wala si hotuba ya mkutano wa hadhara. Mhadhiri anataka kuona fikra ikigongana na jambo, na wewe ukieleza kilichovunjika. Tukio la Pasaka lisizidi maneno 300. Maneno 400 hivi yaeleze dhana moja au mbili, si saba. Yanayobaki, karibu 800, yaende kwenye mgongano: wapi dhana inaeleza ulichohesabu, wapi inashindwa. Mwanzoni kabisa sema unavyotumia maneno "jinsi" na "jinsia". Katika masomo haya, jinsi ni maumbile ya kike au ya kiume, na jinsia ni majukumu, mipaka na matarajio ambayo jamii imeyajenga juu ya maumbile hayo. Mtaani "jinsia" inabeba yote mawili, hata kwenye fomu, na wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuchanganya katika aya moja.

Sentensi kama "nyumbani kwetu kuna mfumo dume uliokithiri" haina uzito, kwa kuwa yeyote angeweza kuiandika bila kufika kwenu. Andika kwa namna hii, kwa tarakimu zako mwenyewe: "Siku ya gulio mama alikuwa kazini vipande 31 kati ya 36, baba vipande 17, na vingi vya baba vilikuwa vya kubeba magunia, kazi ambayo mama haigusi." Sentensi hiyo inamtendea haki kila mmoja, tena inauma zaidi. Usiandike "wanawake wa Kinyakyusa" pale unapomaanisha mama yako. Usimalize kwa "sasa nimebadilika kabisa". Umebadilika kwa muhula mmoja, na mhadhiri anajua. Badili majina, na umwombe mama ruhusa. Mbeya na Tukuyu si mbali, insha husomwa na watu wanaojuana.

Kuhusu baba, msubiri mkiwa kazini pamoja, mnapalilia au mnamenya viazi, mikono ikiwa na shughuli na macho hayatazamani. Muulize ya zamani: bibi alipoolewa alilima shamba la nani? Mavuno yake aliyauza nani? Wazee hueleza kwa urefu mambo ambayo wasingeyajibu yakiulizwa juu yao wenyewe.

SWALI: Kamwene wahariri. Nasoma ualimu hapa Iringa, mimi ni mvulana. Katika mdahalo nilitetea ufeministi, na tangu siku ile wenzangu bwenini wananiuliza nimelishwa limbwata na nani. Hoja yao kubwa: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuna mila zetu. Niwajibu nini?

JIBU: Limbwata tuliache. Neno "ufeministi" kweli limetoka Ulaya. Lilianza kutumika Ufaransa katika karne ya 19. Lakini asili ya neno si asili ya jambo, la sivyo shule na soka tungevirudisha. Miaka ya 1940 wanawake wa Upare waliandamana kupinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa kadiri ya mapato, na hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha Paris. Bibi Titi Mohamed aliongoza tawi la wanawake la TANU kuanzia 1955 na kuwavuta maelfu kupitia vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam. Mwaka 1977 wasomi wa kike wa Afrika waliunda chama chao cha utafiti, makao yake Dakar, kwa sababu walichoka kuchunguzwa na wengine. Mwaka 2006 wanawake wa bara hili walikutana Accra wakaandika mkataba wa misingi yao, na humo wakajiita wafeministi waziwazi, bila kuongeza "lakini".

Kwa nyanda zenu hizi kuna kitu cha karibu zaidi. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe 1891, na katika misheni ya Utengule mmisionari Elise Kootz-Kretschmer alikusanya masimulizi ya maisha, yakiwamo ya wanawake waliowahi kuwa watumwa: walivyotekwa, walivyobadilishwa mikono, walivyotafuta bwana au kituo cha kujikinga. Mwanahistoria Marcia Wright aliyachambua katika kitabu cha 1993. Ukiyafuata utaona jambo ambalo mdahalo hauligusi. Katika nchi iliyochafuka kwa vita na biashara ya watumwa, mwanamke asiye na ndugu wa kumtetea alikuwa hatarini kuliko wote, na alijua hivyo, na alipanga hatua zake kwa kulijua hilo.

Ila usiende upande wa pili ukasema zamani tulikuwa sawa kabisa. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria aliandika mwaka 1997 kwamba kwa Wayoruba wa kale umri ulipanga watu kuliko jinsi, na wasomi wenzake Waafrika wamempinga vikali. Hiyo ni hoja juu ya Wayoruba, usiihamishie kwa Wahehe wa Kalenga bila ushahidi. Wenzako wakisema "mila", waulize mila ipi, ya mwaka gani, na nani aliiandika. Sehemu kubwa ya zile zinazotumika mahakamani ni kanuni zilizokusanywa na serikali na kutangazwa 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mila iliyopigwa chapa huacha kubadilika. Barua inayofuata inaonyesha ubaya wake.

SWALI: Baba anagawa shamba la parachichi kwa kaka zangu watatu. Mimi naambiwa "utakula tu, hapa ni kwenu". Tumefundishwa chuoni kwamba sheria iko upande wangu. Nimwambie nini baba bila kuonekana nimekwenda chuo kujifunza kiburi? Njombe.

JIBU: Sheria iko upande wako kwa sehemu, na ukiidai nzima utaumbuka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ileile ya mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Lakini baba yako yu hai, na mtu aliye hai hana warithi. Mali yake humpa amtakaye, isipokuwa palipo na jasho la mama: Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inautambua mchango wa mwenzi aliyelifanyia kazi shamba hata kama hati ina jina moja. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kuzungumza naye ni mama.

Baba akifa bila wosia ndipo kanuni za 1963 zinapoweza kuletwa. Humo watoto wa kike wamewekwa daraja la mwisho kati ya matatu ya warithi, na ardhi ya ukoo wanaweza kuitumia bila kuiuza. Mahakama Kuu Mwanza iliitupa kanuni hiyo ya kutouza, katika rufaa namba 70 ya 1989, kwa kuwa inakiuka usawa ulio katika Katiba. Hata hivyo kanuni hizo hazijafutwa vitabuni, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliilaumu Tanzania mwaka 2015 kwa ajili ya wajane wawili walionyimwa mirathi kwa kanuni hizohizo. Kwa hiyo "utakula tu" ni ahadi inayozikwa na aliyeitoa.

Omba kitu chenye mipaka. "Sehemu yangu" inatisha. "Nusu eka ile ya kando ya mfereji" inajadilika. Omba wakati mgawo unazungumzwa, kamwe si msibani. Usianze na namba za vifungu. Anza na unachokusudia kufanya: nusu eka kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 inabeba miche kama 40, na mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Na usipande kabla ya karatasi! Kwenye mashamba ya ukoo mti wa kudumu husomwa kama alama ya umiliki. Ndiyo maana dada huachiwa maharage bila maneno, akipanda miti ugomvi unaanza.

Mkikubaliana, muhtasari wa kikao cha familia uandikwe, uwe na tarehe, ukubwa na majirani wa kila upande. Utiwe saini na baba, mama, kaka wote, na majirani wa mpakani. Mashahidi wakiwa kaka zako peke yao, siku ya ugomvi hao ndio wadaiwa wako. Upelekwe halmashauri ya kijiji, uombe hatimiliki ya kimila kwa jina lako. Kijiji kiwe kwanza na cheti cha ardhi ya kijiji, kwa hiyo muulize mtendaji hilo kabla ya yote. Baba akipendelea wosia, wa maandishi unataka mashahidi wasiopungua wawili ikiwa anajua kusoma na kuandika, wanne ikiwa hajui. Wosia wa mdomo unataka wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje.

Mkishindwana kabisa kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe 7, watatu kati yao wanawake. Baraza la Kata tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Baada ya hapo ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya kupanda ngazi hiyo, mtafute msaidizi wa kisheria wa wilaya yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua.

SWALI: Je, mfeministi anaweza kukubali kutolewa mahari? Tunabishana hosteli nzima. Mbeya.

JIBU: Anaweza, na wengi wamekubali. Kisheria ndoa haibatiliki kwa kutolipwa mahari. Sheria ya Ndoa ya 1971 imelisema hilo. La kubishania ni matumizi yake baadaye. Familia ikikataa kumpokea binti anayepigwa kwa kuwa ng'ombe wameshaliwa, mahari imekuwa pingu. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, haimpi mwenzi yeyote haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, awe ametoa ng'ombe mmoja au kumi.

SWALI: Mwalimu mmoja wa chuo ananiambia somo nimefeli ila "tunaweza kuongea" nikimfuata gesti. Tulipojifunza juu ya mamlaka na jinsia nilielewa kinachotokea, lakini kuelewa hakunisaidii. Iringa.

JIBU: Jina lake ni rushwa ya ngono, nayo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Ujumbe wote utunze kwenye simu ileile ulikoingia, usifute hata ule uliojibu kwa upole. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, na umtumie mtu mmoja unayemwamini. Alichosema kwa mdomo kiandike siku hiyohiyo: saa, mahali, maneno yenyewe.

Piga 113, namba isiyo na malipo ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, au nenda ofisi yao ya mkoa. Usipange mtego mwenyewe na marafiki. Mitego ya bwenini mara nyingi huishia kwenye vurugu, na ushahidi hupotea au hugeuzwa kuwa kesi ya kumchafulia mtu jina. Ukitakiwa mtego, wataupanga wao. Sambamba na hilo, omba kwa maandishi kwa mkuu wa idara kwamba mtihani wako usahihishwe upya na mtu mwingine, bila kutaja sababu kama hujawa tayari, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Chuo kikiwa na dawati la jinsia, lipe taarifa pia, lakini lisiwe badala ya 113. Gesti usiende, hata kwa nia ya kumrekodi.